Kompyuta ya Kurekodia Muziki Inapokwama: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutoa Fedha

Kurekodi muziki nyumbani si jambo la wachache tena. Kompyuta moja, kadi ya sauti ya nje, maikrofoni na programu ya kurekodia vinatosha kuhifadhi wimbo wa kwaya, taarabu ya kikundi au sauti ya kijana anayejaribu kipaji chake. Lakini kompyuta hiyo ikianza kuganda au kujizima katikati ya kazi, mlaji hukabiliwa na hasara mbili: kazi inayopotea, na fedha zinazotolewa kwa kubahatisha. Wapo wanaonunua kompyuta mpya ilhali kilichoharibika ni waya wa USB, na wapo wanaolipia programu ya kusasisha draiva ilhali draiva hizo hutolewa bure na mtengenezaji.

Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kutafuta chanzo cha tatizo hatua kwa hatua, jinsi ya kusasisha draiva kwa usalama, na mambo ya kuzingatia unapomkabidhi fundi mashine yako. Kanuni moja iongoze kazi yote: badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua lililoponya wala lililoharibu.

1. Linda kazi yako kwanza

Kabla ya kugusa chochote, nakili nyimbo zako kwenye diski ya nje au flashi, na nakala ya pili uihifadhi mahali pengine. Fahamu ukubwa wa mzigo wenyewe. Sauti ya maikrofoni moja, ikirekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, huchukua takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye njia 16 za sauti utahitaji takriban megabaiti 550. Kwa hiyo flashi ndogo hujaa upesi, na diski kuu iliyokaribia kujaa nayo huweza kuifanya programu ikwame. Acha nafasi ya kutosha kwenye diski kuu, na uwashe mpangilio wa programu yako wa kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache.

2. Tambua dalili

Dalili tatu hufanana machoni pa mtumiaji, lakini vyanzo vyake hutofautiana.

Dalili ya kwanza ni programu ya kurekodia kufunga yenyewe huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Hapo shuku kwanza programu-jalizi, yaani zile programu ndogo za mwangwi, ala za kidijitali na kusawazisha sauti zinazopachikwa ndani ya programu kuu. Ziondoe kwenye wimbo, kisha zirudishe moja moja hadi utakapoipata yenye kasoro. Programu-jalizi zilizovunjwa ufunguo na kugawanywa kinyume cha sheria ndizo za kuondolewa mwanzo: hazipati marekebisho ya mtengenezaji, na mara nyingi hubeba virusi.

Dalili ya pili ni kompyuta nzima kuanguka: skrini ya bluu hutokea, au mashine hujizima na kujiwasha. Hapo shuku draiva, kumbukumbu ya RAM, joto au umeme. Hakikisha matundu ya hewa hayajaziba kwa vumbi, wala usiweke kompyuta mpakato juu ya godoro au kitambaa unaporekodi. Ikiwa mashine huzimika umeme unapoyumba, tatizo huenda liko ukutani wala si ndani ya kompyuta, na kifaa cha UPS kitakufaa zaidi kuliko diski mpya.

Dalili ya tatu ni sauti kukatika au kukwaruza bila kitu chochote kujifunga. Mara nyingi hiyo si hitilafu ya kifaa, bali ni mipangilio. Tutaieleza katika sehemu ya tano.

3. Soma kumbukumbu za kompyuta yenyewe

Kompyuta yenye mfumo wa Windows huandika makosa yake. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika perfmon /rel, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Utaona kalenda yenye alama nyekundu katika siku ambazo mashine au programu ilianguka. Bofya siku husika usome jina la programu iliyohusika. Linganisha tarehe hiyo na mambo uliyoyafanya: je, ni siku uliyopachika kifaa kipya? Je, ni siku mfumo ulipojisasisha?

Skrini ya bluu ikitokea, ipige picha kwa simu. Maandishi DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL kwa kawaida huelekeza kwenye draiva, na wakati mwingine jina la faili ya draiva hiyo huonekana hapo hapo. Maandishi MEMORY_MANAGEMENT hutoa sababu ya kupima RAM. Kipimo cha RAM kimo ndani ya Windows bila malipo: fungua tena kisanduku kile cha amri, andika mdsched, na ukubali kompyuta iwashwe upya.

4. Draiva ni nini, na isasishweje?

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuzungumza na kifaa: kadi ya sauti, skrini, mtandao usiotumia waya na kadhalika. Draiva nyingi hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo kosa moja dogo huweza kuangusha mashine nzima. Ulimwengu ulijionea jambo hilo tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike, inayofanya kazi katika kina hicho hicho cha mfumo, lilipoangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa na Microsoft kufikia milioni 8.5. Funzo kwa mlaji ni la pande mbili: draiva mbovu ni tatizo kubwa, lakini sasisho lenyewe nalo laweza kuwa chanzo cha tatizo. Kwa hiyo usisasishe usiku wa kuamkia siku ya kurekodi, wala usisasishe kitu kinachofanya kazi vizuri bila sababu.

Sababu ikiwapo, fuata hatua hizi:

a) Weka kituo cha kurejea. Katika kisanduku cha amri andika SystemPropertiesProtection, hakikisha ulinzi wa diski ya mfumo umewashwa, kisha tengeneza kituo kipya. Mambo yakiharibika, utaweza kuurudisha mfumo ulivyokuwa.

b) Andika jina kamili la kifaa na toleo la draiva iliyopo. Amri devmgmt.msc hufungua orodha ya vifaa vyote. Bofya kifaa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, uone toleo na tarehe ya draiva.

c) Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi ya sauti, au ya mtengenezaji wa kompyuta kwa vifaa vya ndani. Hakikisha inaendana na toleo la mfumo wako.

d) Soma maelekezo kabla ya kupachika kadi. Baadhi ya watengenezaji hutaka draiva iwekwe kwanza, waya ufuate.

e) Washa kompyuta upya, rekodi sauti ya majaribio kwa nusu saa, kisha ndipo uendelee na kifaa kingine.

f) Tatizo likizidi, rudi kwenye sifa za kifaa hicho na uchague kuirejesha draiva ya awali. Ikiwa kitufe hicho hakibonyezeki, tumia kituo cha kurejea ulichokiweka katika hatua ya kwanza.

Kwa wenye kompyuta za Apple, sehemu kubwa ya draiva huja pamoja na mfumo wenyewe, na kadi nyingi za sauti za USB hufanya kazi bila kuongezewa kitu. Hata hivyo, kabla ya kupandisha toleo la mfumo, soma kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi yako kama toleo hilo limekwisha kuthibitishwa.

5. Sauti inapokatika

Kompyuta haitoi sauti papo kwa papo. Huikusanya kwanza katika akiba ndogo iitwayo bafa. Bafa ya sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 5. Bafa ya sampuli 1,024 huichelewesha kwa takriban milisekunde 21. Kuchelewa huko ni kwa upande mmoja tu, wa kuingia au wa kutoka. Bafa ikiwa ndogo mno, kompyuta huzidiwa na sauti hukwaruza. Ikiwa kubwa, mwimbaji hujisikia akichelewa. Tumia bafa ndogo wakati wa kurekodi, na bafa kubwa wakati wa kuchanganya sauti.

Katika Windows, chagua draiva ya ASIO iliyotolewa na mtengenezaji wa kadi yako. Mfumo wa ASIO ulibuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ili programu iifikie kadi kwa njia fupi zaidi. Chomeka kadi moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kupitia kigawanyio cha USB, jaribu waya mwingine, na zima mpangilio unaopunguza umeme wa USB. Kisha zima mtandao usiotumia waya na ujaribu tena. Sauti ikitulia, draiva ya mtandao ndiyo ya kushughulikiwa, nayo kadi yako ya sauti haina kosa.

6. Jihadhari na wanaouza hofu

Dirisha linaloibuka ghafla likidai kuwa draiva zako zimepitwa na wakati na kukutaka ulipe, lifunge. Likikutaka upige simu, ujue ni ulaghai: Microsoft imeeleza kuwa ujumbe wake wa makosa hauweki namba ya simu kamwe. Usimruhusu mtu usiyemfahamu aingie kwenye kompyuta yako kwa njia ya mtandao, wala usimpe namba za siri za benki au za fedha za simu.

Hofu nyingine inahusu Windows 10, ambayo muda wake wa kawaida wa huduma ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye mfumo huo haizimiki kwa sababu hiyo. Hata hivyo, isiyosajiliwa katika mpango wa nyongeza haipokei marekebisho ya usalama. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kuwa kompyuta yako imekufa. Hata hivyo, unaponunua kompyuta au kadi ya sauti iliyokwisha kutumika, angalia kwanza kama mtengenezaji bado anatoa draiva ya mfumo utakaoutumia. Kadi nzuri isiyo na draiva ni pambo la mezani.

7. Unapomkabidhi fundi

Fundi akisema atausimika mfumo upya, kila kilichomo kwenye diski kuu chaweza kufutwa. Usimkabidhi mashine kabla ya kunakili nyimbo zako. Mwandikie dalili, tarehe zake na hatua ulizokwisha kuchukua. Maelezo hayo huokoa muda wake na fedha zako. Omba makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, taka urudishiwe kipuri kilichoondolewa, na dai risiti pamoja na muda wa dhamana.

Bidhaa mpya ikionyesha kasoro, irudishe mapema kwa muuzaji ukiwa na risiti. Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza vitendo vya kumpotosha mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Kenya ina Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Mlalamikaji mwenye risiti, picha za skrini na orodha ya tarehe husikilizwa kwa urahisi kuliko mwenye maneno matupu.

Zoezi la kujipima

1. Nyimbo zako zina nakala ngapi, na ziko wapi?
2. Jina la kadi yako ya sauti ni lipi, na draiva yake ni toleo gani?
3. Kompyuta ikikwama leo, ni dalili ipi kati ya zile tatu utakayoiona?
4. Risiti ya kompyuta yako iko wapi?

Jibu maswali haya kwenye daftari wakati mashine bado ni nzima, na daftari hilo ulitunze pamoja na risiti zako.