WIMBO ULIO KATIKA SIMU NA WIMBO ULIO KINYWANI

Somo la mwezi kwa familia na vikundi vya nyumbani
Masomo: Kumbukumbu la Torati 31:19-22, 2 Samweli 24:18-24, 1 Wakorintho 14:15



Tulipovuka ziwa mwaka 1996 nilikuwa na umri wa miaka 15. Baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa kwaya, alibeba Biblia, sufuria na kaseti moja ya kwaya yetu ya nyumbani. Tuliipiga kaseti ile kwenye redio ya jirani mpaka utepe ukakatika. Tukauunga kwa gundi, ukakatika tena. Tangu hapo nyimbo zile zilibaki katika vichwa vya watu tu.

Mwaka jana alilala katika Bwana mama mmoja mzee wa kanisa letu. Yeye peke yake ndiye aliyebaki akijua ubeti wa mwisho wa wimbo mmoja wa kaseti ile, na alikuwa akituimbia katika maombi ya asubuhi. Siku ya mazishi tulitaka kumsindikiza kwa wimbo huo. Tukafika ubeti wa tatu, tukanyamaza. Pale makaburini simu za kurekodi sauti zilikuwa nyingi, lakini hakuna aliyewahi kufikiri kumrekodi. Hata mimi mchungaji wake sikufikiri.

Ndiyo maana ninaandika somo hili. Wazee na vijana wetu wamekuwa wakibishana juu ya muziki wa simu na kompyuta. Wengine wanasema ni baraka, wengine wanasema unaua kwaya. Tuutazame kwanza muziki huo wenyewe, halafu tulisikie Neno.

1. SAUTI IMEKUWA TARAKIMU

Kaseti, ambayo kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitoa mwaka 1963, huhifadhi sauti kwa sumaku juu ya utepe. Kadiri unavyoipiga, utepe hulika. Na kila nakala huwa dhaifu kuliko ile iliyotangulia. CD ilipotoka mwaka 1982 ilileta njia nyingine. Sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama tarakimu. Tarakimu zikinakiliwa vizuri hazipungui: nakala ya mia ni sawa na ya kwanza.

Tatizo lilikuwa wingi wake. Wimbo wa dakika 4 katika CD huchukua kama megabaiti 40. Wataalamu, wakiwemo wale wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, wakatafuta njia ya kuupunguza, na faili zake zikapewa jina la MP3 mwaka 1995. Kazi yake ni kama ya mama anayepepeta: huondoa sauti ambazo sikio halizitambui kwa kuwa zimefunikwa na nyingine, hubakiza zile zinazosikika. Megabaiti 40 hubaki kama 4. Kwa hiyo memori kadi ya gigabaiti 2, iliyo ndogo kama ukucha, hubeba nyimbo kama 500. Baba angehitaji mfuko mzima wa kaseti, na njiani nani angembebea?

2. KUTENGENEZA MUZIKI

Zamani kwaya ilihitaji nauli ya mjini, fedha za studio na wapigaji wa vyombo. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda walikubaliana njia moja ya kuunganisha vinanda na kompyuta, iitwayo MIDI. Mwaka 1997 ikatoka Ubelgiji programu ya FruityLoops, ambayo leo inaitwa FL Studio. Kwa programu za namna hiyo kijana mmoja hupanga ngoma, besi na gitaa bila mpigaji hata mmoja, nayo ndiyo wanayoiita biti. Mwaka huo huo ikatoka Marekani programu ya Auto-Tune. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi aliyetumia mawimbi ya sauti kutafuta mafuta chini ya ardhi. Programu yake huivuta sauti iliyopotoka mpaka ikae kwenye noti. Siku hizi ziko hata programu za akili bandia: unaandika maneno machache, zinakupa wimbo mzima pamoja na sauti ya mwimbaji ambaye hajazaliwa.

Faida tumeiona. Kijana wetu mmoja alirekodi kwaya ya akina mama ndani ya nyumba ya udongo, akiwa amezungushia mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, kwa kompyuta ya kuazima na umeme wa sola. Mama ambaye hajawahi kuingia studio alisikia sauti yake, akalia.

Hasara nayo tumeiona. Sikukuu moja ya Pasaka kwaya ya vijana iliimba juu ya biti iliyotoka katika simu. Betri ikaisha katikati ya wimbo. Vijana wakabaki wamesimama na vipaza sauti mikononi, hakuna aliyeendelea. Wanajua kuimba, tena vizuri. Ila walikuwa wamejifunza kuifuata mashine, hawakujifunza kusikilizana. Na ngoma zetu tatu zilikuwa pale nyuma ya mimbari, zimefunikwa na turubai.

3. KUSIKILIZA MUZIKI

YouTube ilianza mwaka 2005. Spotify ilifunguliwa Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani, Kanada na Australia wanaweza kusikia jioni wimbo tulioimba asubuhi. Kwa familia zilizotawanyika hiyo si neema ndogo.

Lakini zamani redio moja ilikusanya watu kumi, nao waliimba pamoja nayo. Leo katika nyumba moja watu wanne wana nyimbo nne masikioni, na nyumba iko kimya.

Tena kwaya zisidanganyike juu ya fedha. Katika Spotify wimbo ukisikilizwa mara moja huleta sehemu ndogo tu ya senti moja ya dola, na tangu mwaka 2024 rekodi isiyofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haihesabiwi malipo. Msiuze mbuzi kulipia video mkitumaini kwamba zitarudi mara moja.

4. NENO LINATUFUNDISHA NINI

Katika Kumbukumbu la Torati 31 Musa yuko karibu kufa, na watu bado hawajafika katika nchi yao. Mungu anamwagiza mambo mawili juu ya wimbo: auandike, tena awafundishe watu mpaka uwe vinywani mwao. Maandishi yalikuwa chombo cha kuhifadhi cha siku zile, na Mungu hakukikataa. Lakini hakuridhika nacho peke yake. Wimbo ulitakiwa kufika katika vinywa vya wana wao.

Jirani zetu wa Kenya wanatupa mfano. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis. Rekodi zikahifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baadaye, baada ya kugeuzwa tarakimu, zilirudishwa kwa watu wake, na wakakutwa bado hai wazee waliokuwapo siku za kurekodi. Rekodi iliutunza wimbo, lakini ilipaswa kurudi nyumbani ili watoto wausikie na kuuliza maana yake.

Katika 2 Samweli 24 Arauna alitaka kumpa Daudi bure kiwanja, ng'ombe na kuni. Daudi alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Hapo ndipo palipo swali letu juu ya biti. Chombo chenyewe si dhambi. Lakini tukipakua muziki wa bure Jumamosi usiku na kuupeleka madhabahuni Jumapili bila mazoezi, tumegharimia nini? Naye Paulo anafundisha kuimba kwa roho na kwa akili pia (1 Kor. 14:15). Mashine inaweza kutusaidia kushika noti, lakini haiwezi kuomba wala kufahamu kwa niaba yetu.

5. TUFANYE NINI

a) Tuanze na wazee. Kila kikundi cha nyumbani kimrekodi mzee mmoja mwezi huu. Zima redio, funga mlango, weka simu karibu na kinywa. Mwache aimbe wimbo wote, halafu aeleze aliupata wapi. Ukiutuma kwa WhatsApp, utume kama faili, kwa maana ujumbe wa sauti hupunguza ubora.

b) Tuweke nakala tatu mahali patatu: katika simu, katika memori kadi inayotunzwa kavu, na kwa ndugu aliye mbali. Memori kadi hufa bila kuaga.

c) Tuandike lugha, mahali, mwaka na mtunzi, lakini kwa ruhusa ya mwenyewe. Wako kati yetu wasiotaka jina wala sura yao ionekane, kwa ajili ya usalama wao. Tuwaheshimu.

d) Kwaya ijifunze wimbo kwa sauti tupu na ngoma kwanza. Biti ije baadaye, ikihitajika.

e) Tusinakili nyimbo za kwaya nyingine na kuziuza kwenye vibanda vya kuchajia simu. Mtenda kazi anastahili ujira wake (1 Tim. 5:18).

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni wimbo gani wa nyumbani ambao watoto wako hawaujui? Nani bado anaujua?
2. Umeme ukizimika katikati ya ibada, kwaya yetu itaendelea?
3. Ni jioni ipi katika juma ambayo familia yako inaweza kuweka simu chini na kuimba pamoja?

Wapendwa, ubeti ule wa nne hatutaupata tena hapa duniani. Lakini wiki iliyopita mjukuu wa yule mama, msichana wa miaka tisa, alikuja kwangu akasema anaukumbuka mstari mmoja. Aliuimba mara mbili. Safari hii nilikuwa nimekwisha kuitoa simu mfukoni. Jumapili ijayo, baada ya ibada, atatufundisha sisi wakubwa. Njoni wote, na wapiga ngoma wafike mapema.

Mungu awabariki.

Mchungaji wenu