Mbona Daktari wa Meno Yuko Mjini?

Ndugu zetu wa vikundi, hebu tuulizane: jino likikuuma usiku, asubuhi unapanda gari mpaka wapi?

Madaktari wa meno wengi wa Kenya wako Nairobi, mji wa kilomita 696 za mraba. Kaunti ya Marsabit peke yake ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na mtu wa North Horr ana zaidi ya kilomita 100 kufika Marsabit mjini.

Si roho mbaya ya madaktari. Daktari wa meno bila kiti chake, umeme, maji na mashine ni kama fundi wa nguo bila cherehani. Vifaa hivyo ni ghali, na aliyefungua kliniki yake hufuata wagonjwa wenye pesa. Basi huku kwetu jino ambalo lingezibwa hungojewa mpaka lioze, halafu ling'olewe. Nauli nayo pengine inapita bei ya kung'oa!

Tangu 2013 hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti. Msidai daktari tu. Akija bila kiti atakaa bure. Ombeni kiti, na pia afisa wa afya ya kinywa, ambaye husomea KMTC miaka 3. Huyo anang'oa, anaziba, na anafundisha watoto shuleni. Mikutano ya maoni kuhusu bajeti ya kaunti hufanywa kabla ya Julai 1, mwaka wa fedha unapoanza. Pelekeni ombi lililoandikwa, mbaki na nakala.

Mjadiliane: Hospitali yetu ya karibu ina kiti cha meno? Kinafanya kazi? Ni nani ataenda kuuliza wiki hii?