Majani Yakianza Kupukutika, Tokeni! Vidokezo 10 kwa Familia za Waswahili New England

Mwaka wetu wa kwanza Maine, Septemba ilipokatika tu, nilibandika plastiki madirishani nikawaambia watoto: "Baridi imeingia, kila mtu ndani." Tukakaa ndani, tukaangalia katuni mpaka Aprili. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye miaka themanini na ushee, alikuwa akipakia gari lake kila Jumamosi na kurudi jioni na kapu la matufaha, boga kwenye kiti cha mbele (na mkanda limefungwa!) na uso unaocheka. Mwaka wa pili nikaona haya, nikamuuliza huwa anakwenda wapi. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba Idi imepita na hakujua.

Basi haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ile. Huu msimu, ambao vitabu vinauita mapukutiko na watoto wangu wanauita "majani kuoza", una wiki sita hivi za raha tupu. Shika kalenda, twende.

1. Anza kaskazini, malizia pwani

Watu wengi hukosa rangi za majani kwa sababu wanasubiri mti wa nje ya nyumba yao ubadilike. Usisubiri! Kaskazini mwa Maine rangi huiva mwishoni mwa Septemba, milima ya New Hampshire mwanzoni mwa Oktoba, na sisi wa pwani, Portland na jirani zake, tunafikiwa katikati ya Oktoba au baada ya hapo kidogo. Ukipitwa na wimbi moja, lifukuze la pili. Jimbo la Maine hutoa taarifa ya rangi kila Jumatano kwenye mtandao, na ramani yake, kama vile utabiri wa hewa. Jumatano usiku unasoma, Jumamosi asubuhi unaondoka.

Na mtoto akikuuliza majani yanapakwa rangi na nani, jibu ni rahisi: ile njano ilikuwamo tangu mwanzo, kijani ndicho kilichokuwa kimeifunika. Nyekundu ndiyo mpya, jani huitengeneza mwishoni kwa sukari iliyobaki ndani yake. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa ubaridi usiogandisha, miti ya maple inawaka kama makaa.

2. Mwenye mtoto wa darasa la nne ameula

Hiki wengi hawakijui, na kimeniuma kukijua mwanangu akiwa darasa la sita. Nchini Marekani mtoto wa darasa la nne ana haki ya kibali cha bure cha kuingia hifadhi za taifa, pamoja na familia iliyo naye garini, kuanzia Septemba mpaka Agosti ya mwaka unaofuata. Mpango unaitwa Every Kid Outdoors. Mnajaza shughuli fupi mtandaoni, mnapata kibali, mnakichapisha, safari ya hifadhi ya Acadia, hapa Maine, imeiva.

Ukifika Acadia, kila mtu atakwambia upande mlima Cadillac, mita 466 juu ya bahari. Ni kweli unapendeza, lakini kwa gari lazima uwe umelipia nafasi mapema, na kibali cha mtoto hakilipii hiyo. Ukiikosa usinune. Zungukeni bwawa la Jordan kwa miguu, watoto watupe vijiwe majini. Mimi naona ndiko kuzuri zaidi.

3. Tufaha halivutwi, linainuliwa

Kwenye mashamba ya kuchuma mwenyewe unanunua mfuko mtupu, unaujaza. Hapo ndipo tunapoaibika. Tunavuta tawi kama tunaangua mapera ya jirani, linaanguka tufaha moja na wenzake sita. Mwonyeshe mtoto hivi: kamata tunda kwa kiganja, liinue juu kuelekea tawini, lizungushe kidogo. Kama limeiva litakuja lenyewe na kikonyo chake. Lisilotaka kuja, liache, siku yake bado.

Kisha usijaze mfuko ovyo. McIntosh ni laini, ukipika linalainika kabisa, kwa hiyo ni la uji wa mtoto na la jemu. Cortland halikimbilii kuwa jeusi ukilikata, ndilo la kachumbari na la mkebe wa shule. Na lile chachu la kijani ambalo Wazungu wanalitengenezea pai? Likate vipande, nyunyiza chumvi na pilipili ya unga, funga macho. Umerudi chini ya mwembe, unakula embe bichi na sare ya shule imechafuka.

Tahadhari moja kwenye vinywaji. Hapa "cider" tupu ni maji ya tufaha yasiyochujwa, mtoto anakunywa na shehe anakunywa. Ikiandikwa "hard" mbele yake, hiyo ni pombe. Soma chupa kwanza.

4. Omba majani ya maboga kabla baridi haijayaua

Hiki ndicho kidokezo changu ninachokipenda kuliko vyote, na nakitoa kwa shingo upande maana mtanimalizia mboga.

Mashamba ya maboga hapa yanauza boga tu. Majani yote mazuri, machanga, yenye vile vikonyo vya kumenya nyuzi, yanaachwa yaungue kwa baridi! Mara ya kwanza nilipomwomba mkulima mmoja majani, aliniuliza mbuzi wangu ni wangapi. Nikamwambia ni wanne, na wawili wanasoma sekondari. Alipoelewa alicheka mpaka akavua kofia, akanipa mfuko wa takataka mzima, mpya, akaniambia jaza.

Mbinu ni hii: nenda mapema Septemba, kabla ya usiku wa kwanza wa kugandisha. Zungumza na mwenye shamba mwenyewe, si kijana wa mlangoni. Uliza kwanza kama amepulizia dawa hivi karibuni. Akisema ndiyo, shukuru uondoke. Akisema hapana, chuma zile ncha changa tu, na ukirudi mwaka ujao mpelekee bakuli la mboga yenyewe imeungwa kwa karanga. Wangu sasa ananipigia simu yeye.

Na kama mko upande wa Lewiston, tafuteni mboga za wakulima wa jamii ya Wabantu wa Somalia, ambao wana shamba lao, Liberation Farms, katika mji mdogo wa Wales. Wanalima mahindi, na baadhi yao bado wanazungumza Kizigua, lugha ya mababu zao waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Sogea karibu usikilize. Utanasa neno moja, halafu la pili, halafu utatafuta pa kukaa.

5. Maonyesho ya kilimo: Nane Nane yenye makoti

Mtanzania ataita Nane Nane, Mkenya ataita shoo. Kitu ni kile kile: ng'ombe wakubwa, bembea, vumbi, na mtoto anayelilia puto. Maonyesho ya Fryeburg, mpakani na New Hampshire, yalianza mwaka 1851 na hujaza siku nane mwanzoni mwa Oktoba. Pita kwanza kwa maksai wanaoshindana kuvuta mawe ya saruji. Halafu usikose mashindano ya akina mama kurusha kikaango cha chuma. Sitanii. Mama yangu angekuwa bingwa wa dunia, mazoezi alifanya kwetu.

Mwenye watoto wadogo namshauri aende Common Ground, mjini Unity, wikiendi moja ya Septemba. Kuna bustani, kondoo, wasusi wa vikapu, lakini watoto hawataona chochote cha hayo, kwa sababu kuna kilima cha nyasi ambacho wenzao wanateleza kwa vipande vya maboksi. Bure kabisa. Wangu walishinda pale kutwa nzima, nikapata nafasi ya kukaa chini na kunywa chai ikiwa bado ya moto, jambo ambalo mzazi yeyote anajua uzito wake.

Wa Massachusetts mna Topsfield, ambayo historia yake inarudi nyuma hadi 1818. Hapo ndipo mwaka 2012 Ron Wallace wa Rhode Island alipopima boga la kilo 911, la kwanza duniani kuvuka pauni 2,000. Mwambieni mtoto hilo ni zito kama gari dogo, muone macho yake.

Bajeti? Wahi asubuhi, kula kabla ya kuingia, na kila mtoto apewe dola zake mkononi na aambiwe zikiisha zimeisha. Hesabu watajifunza hapo hapo, tena bila mwalimu.

6. Ukiona mtu anapiga kasia ndani ya boga, umefika

Damariscotta, mji mdogo wa pwani ya Maine, kila Oktoba huchukua maboga makubwa, huyachimba ndani, huyatia mtoni na watu hukaa humo na kushindana. Mengine yanafungwa injini. Mengine yanazama. Nenda mapema kwa sababu ya maegesho, mbebe mdogo mabegani.

7. Jumapili ni siku salama, siku nyingine vaa rangi ya chungwa

Oktoba na Novemba misitu ina wawindaji, na wanayo haki ya kuwamo. Maine hairuhusu kuwinda Jumapili, kwa hiyo matembezi yenu ya porini yapangeni siku hiyo, baada ya ibada. New Hampshire Jumapili wanawinda, usichanganye. Siku nyingine, vizibao vya rangi ya chungwa inayowaka vinauzwa bei chee madukani. Wavishe wote, hata babu anayesema yeye si mtoto. Kahawia na nyeupe ziache nyumbani: ndizo rangi za paa.

8. Kupe hana habari na kalenda

Unadhani baridi imewamaliza? Kupe wakubwa wa paa wanatembea sana Oktoba na Novemba, na ugonjwa wa Lyme wanaoueneza umepewa jina la mji wa Connecticut, hapa hapa kwetu. Suruali ndani ya soksi, urembo baadaye. Mkirudi, nguo zikiwa kavu zitupe moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, moto wa juu kabisa, dakika kumi, kabla ya kuzifua. Kisha kagua watoto: nyuma ya masikio, makwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Wenye misuko, pitisha kidole kila mstari wa kichwa. Fanya kama mchezo wa kutafuta, anayekutwa hana kitu anapata andazi la pili.

9. Khanga mbili, chupa moja ya chai

Asubuhi baridi, saa saba mchana jua, saa kumi jioni meno yanagongana. Jaketi moja zito halikusaidii, vaeni tabaka za kuvua. Na khanga, jamani! Moja ya kukalia, moja ya kujifunika. Hufuta pua, hufunga mtoto mgongoni, huwa pazia la kubadilishia nepi. Sijaona duka la vifaa vya kambi linalouza kitu chenye kazi nyingi hivyo. Ongeza chupa ya chai ya tangawizi na sambusa zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha, na foleni ya chakula cha bei mbaya utaipungia mkono ukipita.

Mkipanga kupita barabara ya Kancamagus, kilomita 55 za milima kati ya Lincoln na Conway huko New Hampshire, jazeni mafuta kabla. Humo hakuna kituo hata kimoja, na simu inakata.

10. Msimalize bila boga la jikoni

Halloween ya tarehe 31 Oktoba kila nyumba ina msimamo wake, sikuingilii. Mkishiriki, jaketi livaliwe ndani ya vazi, na mgonge nyumba zenye taa ya mbele tu. Ila saa zikirudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na hapo msimu umekwisha.

Kabla haujaisha, nunua boga. Si yale makubwa ya kuchongwa sura, hayo ni maji matupu. Uliza boga dogo la pai, zito kwa umbo lake, gumu ganda. Likate, chumvi kidogo, hiliki, tui la kopo lije juu, moto mdogo. Futari ya boga la Maine haina tofauti yoyote na ya Tanga. Haya, ina tofauti kidogo, lakini watoto hawataijua, na wewe usiwaambie.