Intaneti ya Nyumbani: Tuketi Kwanza Tuhesabu Gharama

Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kabla ya kuanza, ataketi na kupima kama fedha zake zitatosha. Somo hilo linatufaa tunaponunua kompyuta mpya. Mashine hununuliwa mara moja, lakini intaneti hulipiwa kila mwezi.

Tuchukue mfano wa familia iliyoko Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambayo kijana wake anasoma kwa njia ya mtandao. Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, ikafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Hata hivyo, kebo kufika pwani si waya kufika mlangoni. Vijijini, sehemu ya mwisho ya safari hiyo kwa kawaida hupitia mnara wa simu. Basi tufanye mambo matatu.

Kwanza, tupime mtandao. Tuazime laini za kampuni mbalimbali, tuzijaribu kwa simu katika chumba kile kile kitakachowekwa kompyuta, na tujaribu usiku, watu wengi wanapokuwa mtandaoni. Laini inayofanya vizuri Mjini huenda isifanye vizuri Makunduchi.

Pili, tuhesabu matumizi. Saa moja ya mkutano wa video huweza kula gigabaiti 1. Vipindi viwili kwa wiki ni gigabaiti 8 kwa mwezi, kabla ya kufungua kitu kingine. Kwa kuanzia, simu inaweza kuigawia kompyuta intaneti. Ruta ya laini inunuliwe baadaye, watumiaji wakiongezeka.

Tatu, tuilinde bando. Kompyuta mpya hupakua masasisho kimyakimya, na bando la mwezi laweza kwisha usiku mmoja. Kwenye Windows, tufungue mipangilio ya mtandao na kuonyesha kwamba muunganisho huo una kipimo. Lakini tusiyaache masasisho ya usalama: tuyapakue mara kwa mara mahali penye intaneti isiyo na kikomo.

Kufanya hivi si ubahili, bali ni fadhila ya busara. Ada ya masomo na chakula cha nyumbani hutoka katika mfuko uleule.

Maswali ya kutafakari

1. Nyumbani kwetu, intaneti inahitajika kwa kazi gani hasa?
2. Je, tunaweza kuilipia kwa miezi sita mfululizo bila kumnyima mtu haki yake?