Setelaiti, Mbu na Homa ya Bonde la Ufa

Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 nchini Kenya, karibu na Ziwa Naivasha. Baadhi ya mbu wa jenasi ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa vidimbwi vya msimu. Mayai yenye virusi huweza kustahimili ukame kwa miaka, kisha huanguliwa mafuriko yanapokuja. Ndiyo maana ugonjwa hutoweka kwa muda mrefu na kurejea ghafla.

Setelaiti haimwoni mbu. Hupima mazingira anayoyahitaji: mvua, joto na uoto. Majani yenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi miale ya infraredi, na tofauti hiyo huonyesha ukijani wa eneo. Wataalamu huoanisha vipimo hivyo na mahali mbu waliponaswa au wagonjwa walipothibitishwa. Kisha kompyuta hutafuta maeneo mengine yenye hali kama hiyo na kuchora ramani ya hatari.

Mwaka 2006, vipimo vya joto la bahari, mvua na uoto viliwawezesha watafiti kutoa tahadhari wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kuthibitishwa Garissa mwezi Desemba. Hata hivyo, zaidi ya watu 150 walifariki Kenya na zaidi ya 100 Tanzania. Tahadhari huokoa maisha inapofuatwa na vitendo mapema. Chanjo ya mifugo, kwa mfano, inafaa kutolewa kabla ya mlipuko, kwani baadaye sindano zinazorudiwa zinaweza kueneza virusi.

Ramani hutegemea pia kumbukumbu za zahanati. Mgonjwa akiandikwa kwa jina la mji alikotibiwa, kompyuta itadhani hatari iko mjini. Mhudumu wa afya amwulize kila mwenye homa msimu wa mvua kubwa: alichinja au kuzalisha mnyama wapi, na lini? Aandike kijiji hicho.

Nawe mfugaji, mifugo ikitupa mimba kwa wingi, toa taarifa kwa afisa mifugo. Usishike kijusi kwa mikono mitupu, usile nyama ya mnyama mgonjwa, chemsha maziwa na tumia chandarua. Homa ikiambatana na kutokwa damu, macho ya manjano, kuchanganyikiwa au kutoona vizuri, wahi hospitali.