Jina Jipya kwenye Boksi: Dawa za Jenereki za ADHD

Mzazi aishiye Holili huenda akaandikiwa dawa ya mwanawe mjini Moshi, akaikosa, akaiulizia hadi Taveta ng'ambo ya mpaka, na huko akaoneshwa boksi lenye jina asilolijua. Je, ni dawa ileile?

Chanzo cha majina mengi

Dawa mpya hulindwa kwa hataza, kwa kawaida miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Ulinzi ukiisha, viwanda vingine huweza kutengeneza kiambato kilekile kwa bei nafuu. Hiyo ndiyo dawa ya jenereki. Marekani iliidhinisha jenereki za Strattera mwaka 2017 na za Vyvanse mwaka 2023. Idhini hiyo haimaanishi kwamba dawa imesajiliwa Tanzania; usajili wa hapa hutolewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Kiambato kimoja, mwendo tofauti

Ritalin ya kawaida na Concerta zote zina methilifenideti. Hata hivyo, ya kwanza hufanya kazi kwa takriban saa nne, ilhali ya pili huachilia dawa kidogo kidogo kwa takriban saa 12. Mtoto akibadilishiwa bila mzazi kujua, dozi ya saa moja asubuhi huisha nguvu kabla ya adhuhuri. Mwalimu huona utundu umerudi, na mtoto huadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Jenereki hutakiwa kuthibitisha kwamba huingia katika damu kwa kiasi na kasi inayolingana na dawa ya chapa, na nyingi hutimiza sharti hilo. Hata hivyo, Novemba 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilieleza kuwa jenereki za Concerta za kampuni mbili huenda zilikuwa zikitoa dawa polepole mno kati ya saa ya 7 na ya 12 baada ya kumezwa. Haikuziona tena kuwa zinaweza kushika nafasi ya Concerta moja kwa moja.

Mambo ya kukagua

1. Jina la kiambato na idadi ya miligramu.
2. Aina ya kidonge: cha muda mfupi au mrefu. Cha muda mrefu kisipondwe wala kutafunwa.
3. Usajili wa TMDA na tarehe ya mwisho wa matumizi.
4. Baada ya badiliko: saa ambayo utulivu huisha, hamu ya kula, usingizi, uzito na shinikizo la damu.

Methilifenideti hudhibitiwa kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Kwa hiyo, kabla ya kuivusha mpakani Holili, mzazi aulize TMDA masharti yake, hata akiwa na cheti cha daktari.

Unafuu wa bei humsaidia mtoto kuendelea na tiba. Jenereki isikataliwe kwa sababu ya jina lake, wala isibadilishwe bila mwandikaji wa dawa, mzazi na mwalimu kujulishwa.