Hana Amjibu Kuhani

JUMANNE

Soma 1 Samweli 1:1–18. Elkana alimwuliza Hana maswali, na Eli vilevile. Hana alimjibu nani, na alisema nini?

Elkana alikuwa na wake wawili: Penina mwenye watoto, na Hana aliyekuwa tasa. Mwaka baada ya mwaka, walipopanda kwenda Shilo kuabudu, Penina alimchokoza mwenzake hata akalia, asile chakula. Elkana alimpenda Hana, naye akamwuliza maswali manne mfululizo (fungu la 8). La mwisho halikuwa swali hasa; lilikuwa njia ya kumwambia kwamba mume kama yeye angepaswa kumtosha. Mtu akiulizwa hivyo, ajibu nini? Maandiko hayataji jibu lolote la Hana.

Mbele za Bwana hakunyamaza. Huko aliyasema yote, ingawa midomo tu ndiyo iliyocheza na sauti yake haikusikika. Eli, aliyekuwa ameketi karibu na mwimo wa mlango, aliitazama midomo hiyo, akadhani amelewa, akamkemea.

Hana angeweza kuondoka kwa hasira, au kunyamaza tena. Lakini angalia fungu la 15 na la 16. Anamwita kuhani kwa heshima. Anakana kosa analodhaniwa: hajanywa divai wala kileo. Anaitaja hali yake kwa jina lake, huzuni. Anaeleza kwamba alikuwa akiomba. Kisha anamsihi asimhesabu kuwa mwanamke asiyefaa. Ni maneno machache, wala hamrudishii Eli aibu aliyomtia. Penina hatajwi kabisa. Hata haja ya mtoto haisemi! Eli alimbariki pasipo kujua ombi lenyewe. Habari kamili aliipata Hana aliporudi na mtoto Samweli (fungu la 26–28). Kumbe mtu anaweza kujieleza waziwazi bila kufungua kila chumba cha moyo wake siku hiyohiyo.

Eli naye apewe haki yake. Alipoelezwa, hakushikilia neno lake la kwanza. Aliacha kukemea, akabariki. Hana akaenda zake, akala, na uso wake ukabadilika, wakati bado hajachukua mimba.

Je, yupo mtu nyumbani au kanisani aliyekudhania vibaya, nawe ukanyamaza? Ukimwendea juma hili, utaanza na sentensi gani?